Mkono wa Babu, Mkono Wangu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, kisa hiki kilianza kwa kicheko. Ilikuwa Alhamisi alasiri, siku ya mkutano wa Chama chetu cha Kiswahili, na mwalimu mlezi alikuwa ametuahidi kipindi juu ya muziki na ushairi. Sisi tulitarajia taarabu. Badala yake alitoa simu yake, akaiunganisha na kipaza sauti kidogo, akasema, "Leo mtasikiliza ala iitwayo viola da gamba."

Lo! Gamba? Darasa zima liliangua kicheko. Sisi watoto wa Amu gamba tunalolijua ni la samaki, lile linaloganda kwenye mikono ya mama akimpaa changu. Sauti moja ikatoka nyuma ikiuliza kama hiyo viola nayo huoshwa kwa ndimu kabla ya kupigwa.

Mwalimu alicheka nasi, kisha akaeleza. Gamba hapo si Kiswahili. Ni neno la Kiitaliano, na maana yake ni mguu. Ala hiyo hushikwa baina ya miguu ya mpigaji, wala haina chuma cha kuisimamisha chini kama seli tunayoiona katika taarabu ya Unguja. Ina nyuzi sita au saba, na shingo yake imefungwa vikanda vya utumbo wa mnyama ili kidole kijue pa kukaa. Hupigwa kwa upinde, na mkono unaoshika upinde huelekeza kiganja juu, kama mtu anayepokea kitu. Ilivuma Ulaya tangu karne ya 16 hadi ya 18, halafu seli ikaifunika.

Kipande alichotuwekea kilitungwa na Mfaransa, Marin Marais, mtoto wa mshona viatu wa Paris, aliyeishi tangu mwaka 1656 hadi 1728. Alikichapisha mwaka 1701 kumkumbuka mwalimu wake, Sainte-Colombe. Mwalimu akatusimulia kisa kilichoandikwa na Mfaransa mwingine mwaka 1732. Ati Sainte-Colombe alikuwa na kibanda cha mbao juu ya mforosadi, na humo ndimo alimopigia viola yake peke yake. Alipoona mwanafunzi wake anakaribia kumpita alikataa kumfundisha zaidi. Basi Marais akawa anajificha chini ya kibanda, anaiba masomo kwa masikio. Mwalimu alipofariki, yule mwizi ndiye aliyemtungia kipande. Vipande vya namna hiyo Wafaransa huviita kwa neno lenye maana ya kaburi.

Muziki ulipoanza kicheko kilikufa. Mwalimu aliandika maneno matatu ubaoni: Mwendo. Ngazi ya sauti. Hisia. Akasema, "Andikeni mlichosikia, sio mnachodhani nataka kusoma."

Mie niliandika hivi: "Mwendo: polepole. Ngazi ya sauti: sijui. Hisia: huzuni." Nikafunga daftari, nikaona nimemaliza.

Daftari lilirudi Jumatatu. Hapakuwa na alama. Kando ya kila jibu palikuwa na swali moja kwa wino mwekundu: "Kwa nini?"

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami nilimjua wa kumwuliza. Taabu ni kwamba mtu huyo hatukuwa tukizungumza naye habari za muziki tena.

Babu yangu mzaa mama alizaliwa Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi, upande wa pili wa kisiwa chetu. Alioa Langoni, akahamia mjini. Mchana alishika shoka na tezo, usiku alishika udi. Harusi nyingi za wazee wa leo zilipita mbele ya udi wake. Sandukuni mwake mna kanda za Zein l'Abdin, yule fundi wa udi mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, na Babu huwa hataki kanda hizo ziguswe na mtu mwenye mikono yenye mafuta.

Mimi alinianza na udi nilipokuwa na miaka kumi. Vidole vyangu vilikuwa vyepesi, na nililijua hilo. Katika harusi ya binamu yangu nilipewa nafasi ya kupiga wimbo mmoja. Niliupiga mbio mbio, kila palipokuwa na pengo nikalijaza kwa kuutetemesha uzi, vijana wakapiga vifijo. Babu alikuwa amekaa barazani na wazee wenzake. Nilipomwendea alisema neno moja tu: "Mkono mwepesi." Nikadhani nimesifiwa.

Mwezi uliofuata akapatwa na kiharusi. Mguu wa kushoto ulirudi kidogo kidogo, na leo anakwenda msikitini kwa mkongojo. Mkono wa kushoto haukurudi. Umelala pajani mwake kama kitu cha mtu mwingine. Mama aliutundika udi kwenye msumari wa chumba cha ndani, akaufunika kwa leso kuukuu. Miaka miwili haukuguswa. Mimi nami sikuugusa, maana ningeupigaje na yeye yuko chumba cha pili anasikia?

Jumatatu hiyo nilimwendea baada ya sala ya alasiri. Nilimbusu mkono wa kulia, nikakaa chini, nikaanza kwa mbali. Sikutaja udi. Nilimsimulia habari za mtoto wa mshona viatu na mwalimu aliyejifungia mtini. Alipenda sana hapo pa kujificha chini ya kibanda. Alicheka mpaka akakohoa. "Hata nasi twalifanya hivyo," akasema. "Nalikuwa nikikaa kwenye ngazi za nyumba ya mwalimu wangu, naye adhani nimekwenda zangu."

Nikamwomba Mama simu yake, nikamwekea kile kipande. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kilipokwisha alisema, "Hii ni jirani ya nahawandi."

Ndugu msomaji, hapa ni lazima nieleze kidogo. Wapigaji wetu hupanga sauti kwa makamu. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni makamu wa rais, kumbe ni njia ambazo sauti hupandia na kushukia, tulizozipata kwa Waarabu. Kuna rasti, bayati, hijazi, saba, nahawandi na nyingine. Wazungu nao wana njia zao mbili kubwa, meja na maina. Kipande cha Marais, Mwalimu alituambia baadaye, kiko katika E maina, na kweli maina na nahawandi zinakaribiana sana. Babu hajui E wala maina, lakini sikio lake lilifika penyewe.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo Babu, huzuni imo ndani ya nahawandi?"

Akanitazama. "Bayati ni ya huzuni au ya furaha?"

Sikuweza kujibu. Bayati huimbiwa bibi harusi. Na kwa bayati hiyo hiyo ustadhi wetu wa madrasa huanza kusoma Kurani, na watu hulia.

"Basi lete udi," akasema.

Mama alikuwa jikoni. Nilimwona akisimama mlangoni na mwiko mkononi, hakusema kitu, akarudi ndani. Niliutoa udi kwenye leso. Vumbi lilikuwa limeingia hata kwenye matundu ya kifua chake. Udi wa Babu una nyuzi kumi na moja, jozi tano na uzi mmoja mnene unaokaa peke yake. Tatu zilikuwa zimekatika. Kuzitafuta nyuzi na kuzilinganisha kulituchukua siku mbili. Yeye alikuwa akigonga kwa risha, ule unyoya wa kupigia ambao siku hizi ni wa plastiki, na mimi nikikaza vigingi.

Siku ya tatu aliuweka udi pajani, akaukumbatia kwa mkono wa kulia kama alivyozoea. Halafu akabaki vivyo hivyo. Mkono wa kushoto haukwenda popote. Ni mimi niliyesema, "Babu, nikae nyuma yako?"

Nikakaa nyuma yake juu ya kitanda, nikapitisha mkono wangu wa kushoto chini ya kwapa lake mpaka kwenye shingo ya udi. Risha ikawa yake, vidole vikawa vyangu. Ukitutazama ungecheka, tulikuwa kama kaa mwenye miguu mingi. Lakini hapo ndipo nilipoanza kulielewa swali la Mwalimu, kwa sababu katika udi mikono imegawana kazi. Mkono wa kushoto huchagua ni sauti gani. Mkono wa kulia huchagua ni lini. Makamu ilikuwa mkononi mwangu, na mwendo ulikuwa mkononi mwake.

Mwanzo tuliharibu kabisa. Kidole changu kilikuwa kishahama wakati risha yake haijagusa uzi. Yeye anapiga sauti ya kwanza, mimi niko kwenye ya tatu. Alisimamisha mkono, akasema bila kugeuka, "Wakimbia nini? Nani akufukuza?"

"Hakuna, Babu."

"Basi ngoja. Ndia ni hii hii, haiendi popote."

Tukaanza tena. Alinifundisha kipande kifupi cha bayati, taksimu, yaani kile mpigaji anachopiga peke yake kabla ya wimbo kuingia. Taksimu haina dumbaki wala mapigo ya kuhesabu. Tuliipiga kwanza haraka. Ikawa ni harusi, niliona kama bibi harusi anatoka. Nilikuwa nikiitazama saa ya ukutani: sekunde ishirini hivi. Kisha akasema, "Sasa vidole vyako vifanye vile vile, usibadilishe kitu." Vidole vyangu havikubadilisha kitu. Yeye akapunguza mkono. Sauti zile zile, makamu ile ile, ikapita dakika nzima na zaidi, na nikahisi koo limenikaba.

Halafu akataka tujaribu kinyume. Tukaenda kwenye saba, makamu ambayo kila mtu husema ni ya majonzi, tukaipiga mbio. Ikatoka kama mtu anayelia kwa kuigiza ili apewe peremende. Sote wawili tulicheka.

Kwa hiyo ngazi ya sauti peke yake haileti huzuni. Na mwendo peke yake je? Nilidhani sasa nimepata jibu, nikamwambia Babu, "Kumbe ni polepole tu ndiyo iletayo huzuni."

"Punda naye huenda polepole," akasema. "Walia umwonapo?"

Akanionyesha tofauti. Alisema yule Mfaransa ana upinde. Mwenye upinde aweza kuivuta sauti, akainenepesha katikati, akaipunguza atakapo. Polepole yake imejaa sauti. Udi hauwezi hayo. Ukishaugonga uzi, sauti yaanza kufa papo hapo. Kwa hiyo polepole ya udi ni kukaa na kimya, na kimya hakistahimiliki. Kijana hukijaza. Huutetemesha uzi, huongeza vijisauti, mradi pasiwe na pengo.

Hapo nilikumbuka harusi ya binamu yangu, na lile neno lake, mkono mwepesi. Niliona haya miaka miwili baadaye.

"Fumba mato," akaniambia. "Usikimbilie sauti ijayo. Isikize hii mpaka iishe."

Nikafumba macho. Risha ikagonga. Sauti ikaenda, ikapungua, ikawa nyembamba kama uzi wa buibui. Zamani ningekuwa nimeshahama. Safari hii nilingoja. Nikasikia punda wa jirani akikwangua ukuta, mashine ya mashua kule bandarini, na karibu kabisa, mgongoni ambapo kifua changu kilikuwa kimegusana na mgongo wake, nikasikia pumzi za Babu. Zilikuwa na mluzi mdogo ndani. Zilipanda, zikashuka, na ziliposhuka risha ikagonga tena. Hivyo ndivyo alivyokuwa akihesabu. Mwalimu alitwambia kwamba mashine ya kuhesabu mapigo ya muziki ilipata hataza yake mwaka 1815, kwa hiyo Marais mwaka 1701 hakuwa nayo. Bila shaka naye alihesabu kwa kitu fulani kilichokuwa karibu naye.

Nikamwuliza Babu kama zamani pia alikuwa akipiga polepole namna hiyo. Akanyamaza, kisha akasema kweli: "La. Sasa ni kuchoka pia. Mkono huu mmoja umefanya kazi ya miwili." Sikutarajia jibu hilo. Nilikuwa nimekwisha kuliona ni ufundi mtupu.

Ijumaa, baada ya siku kumi hivi za mazoezi, ndipo aliponieleza kuhusu ile taksimu. Ilikuwa ya mwalimu wake, yule wa kwenye ngazi. Mwalimu huyo alipofariki Babu alikuwa Mombasa akitengeneza jahazi. Habari zilimfikia zimechelewa, na upepo ulikuwa wa mbele. "Nalifika siku ya kuanua matanga," akasema. "Kaburi limekwisha kukauka."

Nikasema kwa furaha ya mtu aliyegundua jambo, "Basi Babu, tumpigie! Kama Marais alivyompigia wake!"

Alitikisa kichwa. "Sisi maiti wetu twamsomea khitma na dua, hatumpigii udi. Usichanganye."

Nikatahayari. Akanitaka nimsaidie kutawadha. Akasali, akaketi mkekani, akamsomea Fatiha mwalimu wake, nami nikaitikia amina. Alikaa kitambo. Kisha akasema, "Hilo lilikuwa lake. Sasa lete udi. Udi ni wetu tuliobaki."

Tuliipiga taksimu yote tangu mwanzo hadi mwisho, mara moja tu. Sauti ya pili ya bayati, msomaji, haimo katika piano. Inakaa baina ya vibonye viwili, na kwenye udi hakuna kikanda cha kukuonyesha, ni lazima kidole kiitafute. Kwa siku kumi nilikuwa nikiikosa, mara juu kidogo, mara chini kidogo. Siku hiyo niliipata, kwa sababu risha ilinipa muda wa kuitafuta. Mahali pamoja, karibu na mwisho, Babu alingoja sana. Nilidhani amechoka, au amesahau. Nilitaka kuondoa kidole. Sikuondoa. Pumzi ilipanda, ikakaa, ikashuka, ndipo akagonga. Ile sauti ya mwisho tuliisikiliza mpaka ikaisha, na hata ilipoisha hatukujua hasa imeisha lini.

Mama alikuwa amesimama mlangoni tena. Safari hii hakuwa na mwiko.

Sitawadanganya kwamba mkono wa kushoto ulitikisika. Haukutikisika. Alisema tu, "Funika udi usiingie vumbi," akaomba chai.

Usiku ule nilichukua daftari nikaandika majibu yangu upya. Nayanakili hapa kama yalivyo, kwa kuwa ndiyo yaliyomfanya Mwalimu anitake niandike makala haya.

"Mwendo: polepole, kwa sababu mpigaji anasikiliza kila sauti mpaka mwisho kabla ya kuiacha, kama mtu anayemsindikiza mgeni mpaka gatini na haondoki mpaka mashua imepotea. Ngazi ya sauti: maina, jirani ya nahawandi. Haina huzuni yenyewe, ila inakupa njia ya kupita na huzuni yako ikiwa unayo. Hisia: nilidhani ni huzuni. Sasa nadhani ni kungoja. Marais alikuwa na jambo la kumwambia mwalimu wake, akachelewa, na katika muziki huu hataki kuharakisha tena."

Mwalimu hakutia alama safari hii pia, lakini chini aliandika kwa wino ule ule mwekundu, "Msalimie Babu." Salamu nilizifikisha.

Wenzangu, wengi wetu hapa tuna wazee nyumbani wenye jambo lililotundikwa kwenye msumari na kufunikwa leso. Kwa mwingine ni udi, kwa mwingine ni utenzi anaoujua kwa moyo, au namna ya kukata tanga. Tunasema tutawauliza baada ya mtihani, baada ya Ramadhani, baada ya likizo. Wahenga walinena haraka haraka haina baraka, lakini hawakusema tungoje jambo hilo. Mwendezeeni mzee leo, na mkishakaa naye, hapo ndipo msiwe na haraka.

Sisi hupiga kila Ijumaa baada ya alasiri. Bado nakaa nyuma yake juu ya kitanda, ingawa nimerefuka na magoti yananiuma. Ijumaa iliyopita tulianza hijazi. Tulipofika kwenye sauti ya nne alisimamisha risha, na kabla hajafungua kinywa nikasema, "Hakuna anayenifukuza, Babu."

"Basi ngoja," akasema.